Mshiko wa Ufagio

Zoubeir hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha kiti atakalia ukingo, goti moja likicheza, na kabla kahawa yake haijapoa utamkuta ameshasimama dirishani anatazama kitu ambacho hakipo. Hata sanduku lake la bati halikupata kufunguliwa mpaka chini. Kwa miaka mitano lilisimama karibu na mlango: huko kisiwani Nosy Be karibu na mlango wa chumba alichopanga, na kila alipokuja Mahajanga, karibu na mlango wa mkewe. Nguo zilitolewa juujuu, zikavaliwa, zikafuliwa, zikarudishwa humohumo.

"Mume wangu ana sanduku kama la mkaguzi wa serikali," alikuwa akisema mkewe, Faouzia, na mwanzoni alisema kwa kucheka.

Kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa gofu. Nyuma ya kijiji cha Ambondrona, huko Nosy Be, mabwana wa sukari na wa mafuta ya langilangi walikuwa wamejikatia uwanja wa mashimo sita kati ya minazi. Nyasi laini za kwao zilikataa jua la kisiwani, kwa hiyo kuzunguka kila shimo walimwaga mchanga wakaunyunyizia mafuta machafu ya injini ili upepo usiuchukue. Likawa duara jeusi, limebanwa sawasawa. Zoubeir ndiye aliyeyalaza maduara hayo. Kila kundi la wachezaji lilipopita, yeye alifuata nyuma na ubao wake wa kuvuta, akifuta nyayo. Mtu akikwambia kulaza mchanga si kazi, mpe ubao ule saa nane mchana umwangalie.

Kwa kuulaza mchanga, aliujua. Alijua mpira utapinda wapi kabla haujaguswa. Na alfajiri, mabwana wakiwa bado wamelala, alikuwa akichukua ile fimbo fupi ya kusukumia, ambayo hutumika mpira ukishafika kwenye duara, akiuingiza mpira shimoni mara ishirini mfululizo, bila kuwaza, mtu na raha zake.

Kisha Madagaska ikapata uhuru. Mabwana wakaanza kupungua, mmoja akirudi kwao baada ya mwingine, na waliobaki wakakosa wa kucheza nao. Mwaka wa pili wa uhuru karani wa uwanja alichukua kadi mpya akaandika juu yake: Zoubeir Mohamadi, mchezaji. Zoubeir aliisoma kadi ile mara nne. Alifurahi mpaka akashindwa kula.

Na siku hiyohiyo mkono wake ukaharibika. Aliuinamia mpira wa hatua mbili, mpira ambao angeuingiza hata akiwa na usingizi, na mkono wa kulia ukashtuka kama uliochomwa sindano. Mpira ukapita pembeni ukaenda zake. Kesho yake vilevile, na wiki iliyofuata vilevile. Mabwana walimgusa bega wakampa pole, na pole zao zilimuuma kuliko kicheko. Alipokuwa hana jina uwanjani mkono ulikuwa wake. Alipopewa jina, mkono ukawa wa watazamaji.

Basi akaanza kutafuta mshiko mwingine. Alishika viganja vikiwa vimegusana, akashika vikiwa vimeachana shibiri nzima. Aliteremsha mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia. Alinyoosha vidole gumba viwili juu ya mpini kama watu wanaochungulia kisimani. Alifumba macho. Alijaribu kuanza bismillahi akiwa ameinama ili aupige mpira mwishoni mwake, lakini kila mara mkono ulishtuka kabla hajafika, akawa analikata neno tukufu katikati. Akaogopa dhambi, akaacha. Alikwenda hata kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu alimgeuza mikono juu na chini kama anayekagua samaki.

"Hirizi ya mtoto asiyelala ninayo," alisema. "Ya mpira sina."

"Mchagua jembe si mkulima," wakamtania wenzake waliobeba fimbo za mabwana. Zoubeir aliwaacha waseme. Hakuwa anachagua jembe. Alikuwa anatafuta mkono wake mwenyewe, na hilo halina methali.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa barua ya Faouzia ilipofika, mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tatu. Faouzia hakuwa na desturi ya maneno mengi kwenye karatasi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, mistari miwili: "Mwaka huu njoo nyumbani, au nipe talaka yangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Hapa inafaa kueleza jambo moja. Zoubeir na Faouzia walikuwa watoto wa Wangazija waliohamia Madagaska, na kwao mwenye nyumba ni mwanamke. Msichana hujengewa na wajomba zake, na mume huingia mle na sanduku lake. Nyumba ya Faouzia ilikuwa Mahabibo, mtaa wenye watu wengi nyuma ya soko, ukuta wa mawe mbele na uani mchanga mweupe. Asingeweza kuiacha akamfuata mume Nosy Be. Angeiacha na nani, na mama yake mzazi yumo ndani? Kwa hiyo wa kuhama alikuwa Zoubeir. Naye alisema moyoni kwamba mume asiye na kazi ndani ya nyumba ya mkewe ni mgeni aliyesahau kuaga. Hatarudi Mahajanga mikono mitupu. Hilo aliliamua peke yake, usiku na mchana akizunguka chumba, na hakumwuliza mtu.

Mungu akamfungulia, au ndivyo alivyodhani. Wiki ya pili baada ya barua, karani alimwambia kwamba uwanja wa gofu wa Mahajanga unatafuta mwalimu. Maofisa wapya wa serikali walitaka kujifunza, na wa kuwafundisha hakuwepo. Zoubeir akaomba. Walioomba walikuwa wengi, wakachujwa wakabaki wawili: yeye Zoubeir, na Djaanfar, mzaliwa wa Katsepy aliyevuka ghuba zamani akawa mbeba fimbo hapohapo Mahajanga. Katibu wa uwanja, Musyu Perrin, aliona njia fupi ya kuamua. Wacheze mashimo tisa, Jumapili, mbele za watu. Atakayeshinda ndiye mwalimu.

Zoubeir akapanda meli ya pwani siku moja baada ya kuletewa habari hiyo. Safari nzima hakukaa. Alikuwa sitahani na mwavuli wake, ameugeuza chini juu, akisukuma ndimu kuelekea kwenye tundu la kamba. Meli ilipoinama ndimu ilikwenda kushoto, ilipoinuka ilikwenda kulia, na mkono wake ulishtuka palepale meli iliponyooka. Baharia mmoja alimwambia kwa Kimalagasi kwamba amewahi kuona watu wakitapika kwa bahari, lakini huu ni ugonjwa mwingine.

Mlango wa Mahabibo ulifunguliwa na mama mkwe wake, Bibi Hachimia, uso wote umepakwa liwa.

"Kwezi, mama," Zoubeir alisalimu, kama wanavyosalimiwa wakubwa.

"Mbona," aliitikia mama mkwe, akageuza uso. Salamu ndiyo iliyokuwa mwisho wa maneno kati yao. Tangu ndoa Bibi Hachimia alishika adabu ya zamani: mkwe hasemeshwi ana kwa ana. Alipokuwa na neno naye alimwambia binti yake, hata kama Zoubeir amesimama hatua moja kutoka hapo. "Faouzia, mwambie mumeo maji ya kuoga yako tayari."

Faouzia alimpokea kwa chakula kizuri na macho makavu. Alikuwa mwanamke mrefu, mshonaji wa kofia, vidole vyake vikipita kwenye kitambaa bila yeye kuvitazama. Alipomaliza kutandika kitanda alilitazama lile sanduku la bati pale mlangoni.

"Nilifungue?"

"Ngoja Jumapili," Zoubeir alisema.

"Jumapili kuna nini?"

Akamweleza habari ya Djaanfar na mashimo tisa. Faouzia alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. "Haya. Jumapili," alisema, akarudi kwenye kofia yake. Zoubeir alitamani amuulize zaidi, au amwombee dua, au hata amgombeze. Hakuvumilia, akatoka uani na mwavuli.

Siku tatu hazikuwa na amani ndani ya nyumba ile. Ndimu zilibiringika juu ya mkeka, chini ya kitanda, katikati ya miguu ya wageni. Alitega kikombe cha kahawa kiwe shimo, akakivunja. Akatega cha pili.

"Faouzia, mwambie mumeo vikombe hivi alivileta mjomba wako," alisema Bibi Hachimia. "Havikuja vyenyewe."

Alhamisi asubuhi Zoubeir alikuwa uani, akijaribu mshiko wa kumi na moja au wa kumi na mbili, hesabu ilikuwa imempotea. Bibi Hachimia alikuwa anafagia. Alifagia kama mama zetu wote wanavyofagia, ameinama kiunoni, ufagio wa chelewa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umelazwa mgongoni, uso unatazama anakokwenda. Mkono wa Zoubeir ukashtuka, ndimu ikaruka ikaenda mpaka miguuni pa mama mkwe. Yeye hakusimama wala hakunung'unika. Ufagio ulipita nyuma ya ndimu ukaenda nayo, polepole, ukaiachia. Ndimu ikavuka ua mzima, hatua nane au tisa, ikaingia kwenye tundu la maji chini ya ukuta.

Zoubeir alidhani ni bahati. Akabiringisha ndimu ya pili makusudi, kama imemponyoka. Ikaingia tunduni. Akabiringisha ya tatu karibu na kinu, mahali pabaya, ambapo mchanga umeinama. Bibi Hachimia alipeleka ufagio kando kidogo, ndimu ikapinda kufuata mteremko, ikaifuata njia ya wenzake.

Nywele zilimsimama. Mama huyu hakuipiga ndimu. Aliisindikiza, kama unavyosindikiza mgeni mpaka barabarani, ukasimama, naye akaendelea. Hakusimama ubavu kama wachezaji. Alilielekea tundu uso kwa uso. Na mkono ule mwingine, ambao siku zote ndio unaogombana na mwenzake juu ya mpini, yeye aliuweka mgongoni ukapumzike. Mkono mmoja hauna wa kugombana naye.

Angeomba afundishwe, lakini mkwe ataanzaje? Basi akasubiri. Bibi Hachimia aliposhika kapu lake akaenda sokoni, na Faouzia akatoka kupeleka kofia kwa mteja, Zoubeir alifunga mlango, akauchukua ufagio, akainama. Ndimu ya kwanza ilikwenda kombo. Ya nne ikaingia. Ya tano ikaingia. Mkono ulikuwa umelala, kimya, kama wa zamani. Alibadilisha ufagio akashika fimbo yake fupi, chini kabisa karibu na chuma, akarudia: ikaingia. Alirudi tena kwenye ufagio ili asisahau mwendo wake, na kwa furaha akaanza kufagia kweli, ua mzima, huku na huku, machozi yakimtoka kwa kicheko.

Alipoinua uso alimwona Zalifa, jirani, amepanda juu ya kitu upande wake wa ukuta, kidevu juu ya mawe.

"Hujambo, shemeji," alisema Zalifa kwa upole mkubwa, kisha akateremka.

Mahabibo haihitaji redio. Kabla ya adhuhuri ilijulikana sokoni kwamba mume wa Faouzia amerudi kutoka Nosy Be hana kitu, na wamemkabidhi ufagio. Alasiri wavuta posipos, vile vigari vya kubebea watu, walikuwa wakisimuliana kwamba amepewa na kapu la sokoni. Kufika magharibi Djaanfar mwenyewe alikuwa ameletewa habari, akacheka sana.

Faouzia aliingia na vitambaa vya kofia mpya mkononi. Mteja alikuwa amemwuliza kama mumewe anafua pia.

"Ni kweli?" alimwuliza.

"Ni kweli nilishika ufagio. Lakini sikiliza, Faouzia. Nimeupata mshiko."

Alimwonyesha. Aliinama mbele yake, mkono mmoja mgongoni, akapeleka ndimu mpaka kwenye mguu wa kitanda alioutaja kabla. Akapeleka nyingine. Faouzia aliketi ukingoni mwa kitanda, akaviweka vitambaa mapajani.

"Miaka mitano nalala peke yangu humu," alisema, "hakuna aliyepanda ukuta kunichungulia anionee huruma. Leo wamepanda kuona ufagio." Alisema kwa ukali, na Zoubeir hakujua hasira ile ilimlenga nani, yeye au Zalifa au mtaa mzima. "Utacheza hivyo Jumapili? Mbele yao?"

"Sijui."

"Basi ujue," alisema Faouzia.

Hakujua. Ijumaa msikitini alihisi macho mgongoni mwake kila aliporukuu, maana rukuu na kufagia ni kuinama kulekule. Jumamosi alijiambia kwamba mkono ukishapona umepona, kwamba atashika kama watu wote na hautashtuka tena. Aliyarudia maneno hayo mpaka akayaamini, kama mtu anavyoamini mvua haitanyesha kwa kuwa hana mwavuli.

Jumapili uwanja ulijaa. Walikuwepo maofisa wapya na wake zao, walikuwepo Wafaransa wachache waliobaki, na nyuma ya kamba walisimama watu wa Mahabibo, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kujali gofu hata siku moja. Djaanfar alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye kofia safi. Walipeana mikono. Sheria ilikuwa nyepesi: kila shimo ni la atakayelimaliza kwa mapigo machache, wakilingana halina mwenyewe, na mwenye mashimo mengi ndiye mshindi.

Kwa fimbo ndefu Zoubeir alikuwa bora. Alifika kwenye duara la kwanza kabla ya mwenzake, mpira wake hatua mbili tu kutoka shimoni. Akasimama ubavu, kama watu wote, mikono miwili juu ya mpini. Aliona kofia za Mahabibo zimepangana. Mkono ukashtuka. Mpira ukapita. Shimo la kwanza likawa la Djaanfar, na la pili, na la tatu, yote kwa namna ileile: Zoubeir kutangulia kufika, Zoubeir kushindwa kuingiza. La nne walilingana, kwa kuwa Djaanfar naye alikosea.

Akiwa njiani kuelekea la tano alikuwa mashimo matatu nyuma. Jasho lilikuwa limempita mpaka kwenye mkanda. Akawaza chumba chake cha Nosy Be, kitanda cha kamba, na mstari wa pili wa ile barua. Aliogopa, na alijua hasa anachoogopa: kwamba jioni hiyo atalibeba lile sanduku bila hata kulipanga, maana halikuwahi kufunguliwa mpaka chini.

Kwenye duara la tano mpira wake ulisimama hatua sita kutoka shimoni. Alichukua ubao wa kuvuta akailaza njia ya mpira, kazi aliyowafanyia wengine maisha yake yote. Kisha akaligeukia shimo uso kwa uso. Akainama kiunoni. Mkono wa kulia ukateremka chini kabisa kwenye fimbo, wa kushoto akaulaza mgongoni.

Halafu mtu mmoja nyuma ya kamba akasema, "Ukimaliza hapo pita na kwangu, uani kumejaa majani," na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wake za maofisa walijifunika midomo. Musyu Perrin alitazama viatu vyake. Zoubeir aliwasikia wote, mmoja mmoja. Masikio yalimwaka moto. Lakini mkono haukuwa na habari. Ulipeleka fimbo nyuma, ukaileta mbele, ukausindikiza mpira, ukauachia, na mpira ukaingia shimoni.

Shimo la tano likawa lake. La sita walilingana. La saba akaingiza kutoka hatua saba, mahali penye mteremko, likawa lake. Na hapo kicheko kilikuwa kimepungua. La nane walilingana tena, na sasa hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamesogea mpaka kamba ikakaza. Alibaki shimo moja nyuma, na shimo moja tu la kucheza. Akilishinda hilo wanalingana, na Musyu Perrin alikwisha sema kwamba wakilingana watacheza tena kesho.

Kwenye duara la tisa walifika kwa mapigo sawa. Mpira wa Zoubeir ulikuwa mbali zaidi, hatua nane, kwa hiyo alianza yeye. Alilaza njia. Aliinama. Mtu mmoja wa Mahabibo alisema "Fagia," na safari hii hakuwa anadhihaki. Mpira ulikwenda, ukapinda, ukasita ukingoni, ukaingia.

Djaanfar alikuwa na hatua mbili. Akiingiza, shimo halina mwenyewe, na kazi ni yake. Zoubeir alimwangalia na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliuona mkono wa mwenzake ukitetemeka. Aliujua mtetemeko ule kama anavyolijua jina lake. Alitamani auombee ushtuke. Midomo ilimfumbuka, dua haikutoka. Djaanfar alisukuma. Mpira uligonga ukingo wa shimo, ukazunguka, ukazama.

Zoubeir alikuwa ameshindwa kwa shimo moja. Mshiko haukumwangusha hata mara moja tangu alipoukubali. Yalimwangusha yale mashimo matatu ya kwanza, aliyoyatoa sadaka kwa kuona aibu, na watu aliowapa sadaka hiyo hawakuwa hata wameiomba.

Djaanfar alimshika mkono akawa hauachii. "Mshiko ule utanifundisha," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeanza kuharibika mimi pia. Umeniona." Musyu Perrin akaja na kusema kwa Kifaransa kwamba amesikitika, kwamba mwalimu ni mmoja, lakini maduara ya Mahajanga yamechakaa na hana mtu wa kuyalaza. Kazi hiyo ipo, kama Zoubeir hataiona ndogo. Zoubeir alisema atafikiri. Alisema hivyo kwa kuwa ilikuwa kazi ileile ya Nosy Be: ubao, mchanga, na jina lake kutoka tena kwenye kadi.

Alitembea kwa miguu mpaka Mahabibo. Njiani alipanga maneno. Atamwambia Faouzia kwamba amejaribu. Atatamka talaka kama alivyoombwa, bila kugombana, kisha atachukua sanduku lake aende bandarini kuulizia meli. Kila alipofika kwenye neno lenyewe miguu ilimpungua mwendo, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo la kawaida.

Bibi Hachimia alikuwa kizingitini.

"Kwezi, mama."

"Mbona." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ndoa, alimtazama usoni na kumsemesha yeye mwenyewe. "Ndimu zako zimeziba tundu langu la maji."

"Nitazibua, mama," alisema Zoubeir, akapita ndani asijue atazame wapi. Alitazama kando ya mlango, mahali pa sanduku. Halikuwepo.

Alilikuta chumbani chini ya kitanda, kifuniko wazi, tupu. Karatasi kuukuu iliyokuwa imetandikwa chini, ya tangu mwaka wa kwanza, ilikuwa imetolewa. Alitoka uani. Kamba ilikuwa imebeba nguo zake zote, hata zile za chini kabisa ambazo alikuwa amezisahau, na Faouzia alikuwa anaanua.

"Nimeshindwa," alisema Zoubeir.

"Nimesikia. Zalifa ameshapita."

"Wamenipa kazi ya kulaza mchanga. Si ualimu."

"Umejibu nini?"

"Nimesema nitafikiri. Faouzia, wewe uliniandikia..."

"Nilikuandikia uje nyumbani." Alikunja suruali mara mbili, akaiweka begani. "Ipo barua, kaisome. Nilitaja kazi wapi? Nilitaja Djaanfar?"

Zoubeir hakuhitaji kuisoma. Mistari miwili aliijua kwa moyo, na kazi haikuwemo. Aliiweka yeye, kule Nosy Be, akizunguka chumba peke yake. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akakikalia kizima, si ukingo, na goti lake halikucheza.

"Ulidhani nitashinda, ndiyo maana ukalifungua sanduku?"

"Sikujua," alisema Faouzia, akamrushia shati lake la kazi.

Alilidaka kwa mkono mmoja. Lilikuwa kavu kabisa, na joto. Lilikuwa kambani tangu asubuhi, kabla hajapiga mpira hata mmoja.